Simu darasani: itaharibu watoto?

Kuanzia Lobule huku Koboko mpaka Rhino Camp, wazazi mnatuuliza swali hilo. Sisi tunaojifunza ualimu tunaona hivi. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengine hayakufunguliwa hadi Januari 2022. Masomo yakapita redioni. Mtoto asiye na redio kwao akabaki nyuma. Lakini darasani simu moja ya mwalimu inatosha: watoto wasikilize hadithi kidogo, tuizime, tuulize maswali, waandike. Chombo hakifundishi peke yake. Kwa hiyo usihangaike kumnunulia mtoto simu. Mwenye redio, mwite na mtoto wa jirani asikilize. Na jioni muulize wako: leo umejifunza nini?