Mistari Minne ya Manjano

Abiria aliyekaa dirishani huiona kwa sekunde chache tu, ndege inapokata kona kuelekea njia ya kurukia. Ni mistari minne ya manjano iliyopakwa kukingama kiungio cha kuingilia njia hiyo, miwili mizima na miwili ya vipande vipande. Rubani anayetokea upande wa mistari mizima husimama hapo mpaka mnara umruhusu. Aliyetua hukutana na ile ya vipande kwanza, naye hupita bila kusimama, maana anatakiwa aondoe hata mkia wa ndege yake njiani. Kando ya mistari hiyo kuna kibao chekundu chenye tarakimu nyeupe. Njia kuu ya uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni 05 ukielekea upande mmoja na 23 ukielekea wa pili. Ya Jomo Kenyatta, Nairobi, ni 06 na 24. Tarakimu hizo ni nyuzi za dira zilizogawanywa kwa kumi.

Viwanja vingi vikubwa huongeza safu ya taa nyekundu zilizozikwa kwenye lami mbele ya mistari hiyo. Mwongoza ndege huzizima pale tu anapotoa ruhusa. Hapo hapana lango wala mnyororo. Kati ya ndege inayosubiri na ile inayokuja kwa kasi kuna rangi, taa na maneno ya redioni.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, huhesabu kuwa uvamizi wa njia ya kurukia tukio lolote ambapo ndege, gari au mtu yupo isivyostahili katika eneo lililotengwa kwa kuruka na kutua. Sababu ya ukali huo ni mwendo. Ndege kubwa inayokaribia kunyanyuka hukimbia zaidi ya mita 70 kwa sekunde, hivyo kilomita nzima huisha katika muda wa sekunde 14. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa Tenerife, Boeing 747 ya KLM ilianza kuruka ilhali 747 ya Pan Am ilikuwa bado kwenye njia ileile. Watu 583 walikufa. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo, na ndege zote mbili zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia.

Haneda, Tokyo, 2 Januari 2024, hapakuwa na ukungu. Kulikuwa kumeshaingia giza, saa 11:47 jioni. Siku moja kabla, tetemeko lilikuwa limepiga rasi ya Noto, na ndege ndogo ya Walinzi wa Pwani, aina ya Dash 8, ilikuwa inapeleka misaada huko. Mnara uliiambia kuwa ni namba moja katika foleni ya kuruka, iende mpaka kituo cha kusubiria C5. Wahudumu wake waliamini wameruhusiwa kuingia. Wakavuka mistari, wakasimama katikati ya njia ya kurukia, wakisubiri kwa sekunde 40 hivi.

Nyuma yao ilikuwa inashuka Airbus A350 ya Japan Airlines yenye watu 379. Kwa nini marubani wake hawakuiona Dash 8? Ndege ndogo ikionekana kwa nyuma usiku ni taa chache tu, na hiyo ilikuwa imesimama juu ya mstari wa katikati ambao wenyewe una taa zake. Mnarani, skrini ilibadili rangi kuonyesha kwamba njia ina ndege mbili. Ilibadilika kimya kimya, na waongoza ndege, waliokuwa na ndege nyingine za kushughulikia, hawakuitambua. Taa nyekundu za C5 zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo; hata zingekuwa nzima, kwa utaratibu wa wakati huo ziliwashwa tu pale uoni ulipokuwa hafifu.

Ndege hizo ziligongana, lakini wote 379 wa Airbus walitoka hai. Milango mitatu tu kati ya minane ndiyo iliyofaa kutumika, abiria waliacha mizigo, na mtu wa mwisho alishuka dakika 18 baada ya ndege kusimama. Ndani ya Dash 8, watano kati ya sita walikufa.

Ukiitazama ajali hiyo kwa utulivu, unaona kwamba mashine ilijua. Habari ilikuwepo mnarani kabla ya mgongano, ila haikuwafikia wale waliokuwa na usukani na breki. Katika ajali ya uwanja wa Linate, Milano, 8 Oktoba 2001, hata mashine haikuwepo: rada ya zamani ya ardhini ilikuwa imeondolewa, na mpya ilikuwa imeshanunuliwa lakini haijaanza kazi. Katika ukungu mzito Cessna ndogo iliambiwa ipite kiungio R5, ikashika R6. Rubani alitaja redioni alama ya S4 aliyoiona chini, alama ambayo mwongoza ndege hakuijua. Viungio vyenyewe havikuwa na alama za kueleweka. Cessna iliingia mbele ya MD-87 ya SAS iliyokuwa inaruka, na watu 118 wakafa. Inauma kusoma kwamba rangi na vibao vya kawaida vingeweza kumwambia rubani yule kuwa amepotea.

Magari nayo yamo. Lima, 18 Novemba 2022, gari la zimamoto lililokuwa kwenye zoezi liliingia njia ya kurukia na kugongwa na Airbus ya LATAM iliyokuwa inaruka. Abiria walinusurika, wazimamoto walikufa. 

Dawa inayoelekea kwenye kiini cha tatizo, yaani habari kutomfikia rubani, ipo. Katika viwanja 20 vya Marekani kuna taa nyekundu zinazoongozwa na kompyuta. Rada ya ardhini hufuata kila ndege na kila gari; njia ikiwa na hatari, taa huwaka zenyewe mbele ya rubani bila kumsubiri mtu wa mnarani. Zikiwaka, rubani husimama hata kama ameshapewa ruhusa. Zikizimika hazimpi ruhusa, bado lazima aisikie redioni.

Kumfikishia rubani onyo kupitia mnarani nako huwezekana, ikiwa kengele inalia. New York, 13 Januari 2023, Boeing 777 ya American Airlines ilivuka njia ambayo 737 ya Delta ilikuwa inakimbilia kuruka. Rada ikapiga kengele, mwongoza ndege akafuta ruhusa ya Delta, nayo ikafunga breki ikasimama kabla ya kuifikia. Chicago Midway, 25 Februari 2025, yote yalibaki kwa macho ya marubani peke yake: ndege ndogo binafsi iliyoamriwa isimame ilivuka njia ya kurukia, na marubani wa Southwest waliokuwa karibu kugusa lami wakanyanyua ndege yao tena. Walitua salama dakika kadhaa baadaye.