Nyumba Isiyofunga Mlango Kule Kwenye Theluji

Wasomaji wetu wanaokaa upande wa Beni na Mutwanga hawana haja ya kuambiwa theluji ni nini. Siku mawingu yanapofunguka, huiona iking'aa juu ya Ruwenzori, ambao kilele chake chafikia mita 5,109, mpakani mwa Kongo na Uganda. Wengine wetu twaijua kwa picha tu. Basi leo twapenda kuwaongoza mbali, mpaka milima ya Alpi huko Ulaya, tukatazame jinsi watu wa kule wanavyopitisha Jumamosi na Dominika katika theluji. Tutaona mchezo, nao ni mzuri. Lakini tutaona pia jambo lipitalo mchezo.

Kati ya Uswisi na Italia kuna kipito kiitwacho Grand-Saint-Bernard, chenye kimo cha mita 2,469. Warumi wa kale walipita hapo. Na katika mwezi wa tano wa mwaka 1800 Napoleon alipitisha jeshi lake, askari karibu 40,000, huku mizinga ikikokotwa juu ya theluji. Tangu mwaka 1964 motokari hupenya chini ya mlima, katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba. Lakini barabara ya juu hufungwa na theluji tangu mwezi wa kumi hivi mpaka karibu na mwezi wa sita. Wakati huo, atakaye kufika juu hana budi kwenda kwa miguu yake.

Huenda namna gani? Huvaa skii, ndizo mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopindwa mbele kama pua ya mtumbwi. Zamani zilichongwa katika mti. Siku hizi hufanywa pia kwa vitu vingine vyepesi. Mtu asiyekuwa nazo huzama katika theluji laini mpaka magotini, au hata kiunoni. Mwenye nazo huelea juu yake. Lakini mbao ziteleazo zawezaje kupanda mlima? Hapa ndipo ilipo akili ya watu wa milimani. Chini ya kila skii hubandika ukanda wenye manyoya yaliyolala upande mmoja. Skii ikisukumwa mbele, manyoya hulala nayo huteleza. Ikitaka kurudi nyuma, manyoya husimama na kuishika theluji. Hapo kale ukanda huo ulikuwa ngozi ya mnyama wa baharini. Hata leo huitwa ngozi, ingawa ni kitambaa.

Kupanda huko huchukua muda wa saa mbili hivi kwa mtu mwenye nguvu. Jasho humtoka, ijapokuwa baridi ni kali kuliko ile ya barafu. Hakuna kelele, hakuna mti, hakuna ndege. Njia hupita katika bonde ambalo wenyeji waliliita Bonde la Wafu. Jina hilo halikutolewa bure.

Kwa maana theluji ya mlimani si tandiko moja. Hulala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa. Tabaka la chini likiwa dhaifu, na la juu likilemewa kwa theluji mpya au kwa upepo, uzito wa mtu mmoja watosha kulikata. Hapo mteremko mzima huvunjika na kushuka kwa kishindo, ukifunika kila kitu. Mtu aliyezikwa hivyo hawezi kuinua hata kidole, kwa kuwa theluji ikiisha kusimama hushikana kama udongo wa ukuta. Akichimbuliwa katika dakika kumi za kwanza, yamkini atapona. Nusu saa ikipita, wanaopona ni wachache.

Ndiyo maana hakuna mwenye busara aendaye peke yake. Kila mmoja huchukua vitu vitatu: chombo kidogo cha redio kifungwacho kifuani, ambacho sauti yake huwaongoza wenzake mahali alipozikwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi. Fikirini jambo hili, ninyi wanafunzi: fimbo na beleshi havimfai sana yule avichukuaye. Beleshi langu ni kwa ajili ya uhai wako, na lako ni kwa ajili ya uhai wangu. Asiyelichukua amewanyima wenzake.

Tena, kabla ya kuondoka husoma tangazo. Katika mji wa Davos, huko Uswisi, kuna wataalamu wa theluji ambao wakati wa baridi hutangaza kila siku hatari ilivyo, kwa daraja tano. Daraja la tatu laonekana kuwa la katikati tu, na hapo ndipo wengi hudanganyika, wakafa. Kwa hiyo kiongozi hupima ukali wa mteremko. Ukipita nyuzi 30, hutafuta njia nyingine. Asipoiona, huamuru kurudi. Vijana wamesafiri kutoka mbali, kilele kiko mbele ya macho yao, anga ni buluu. Nao waambiwa warudi! Ni vigumu kutii neno hilo. Lakini mlima utakuwapo Jumamosi ijayo. Yafaa nao wawepo.

Wakifika salama, mbele yao husimama nyumba kubwa ya mawe. Karibu na mwaka 1050 Mtakatifu Bernardo, padri wa Aosta, aliianzisha kwa ajili ya wasafiri waliokuwa wakifa kwa baridi na kwa mikono ya wanyang'anyi. Tangu karne hizo, mapadri wa shirika lake, wafuatao kanuni ya Mtakatifu Augustino, hukaa humo mwaka mzima. Mlango haufungwi kwa wageni. Afikaye hupewa chai ya moto, na haulizwi kwanza kama ni mkristo.

Zamani watawa walitoka na mbwa wao wakubwa kuwatafuta waliopotea. Mbwa mmoja, jina lake Barry, aliyezaliwa mwaka 1800 na kufa mwaka 1814, yasemwa aliokoa watu zaidi ya 40. Mwili wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Bern. Kile kipipa cha pombe ambacho wachoraji humfunga shingoni ni hadithi tu. Leo kazi ya kuokoa hufanywa hasa na helikopta, pamoja na mbwa wa aina nyepesi zaidi.

Siku ya Dominika wageni husali Misa, kisha huzibandua zile ngozi na kushuka. Njia iliyowachosha saa mbili huisha upesi. Theluji huruka pande zote kama unga wa muhogo, nao hucheka kama watoto. Furaha hiyo ni halali, maana wameitolea jasho.

Papa Pio wa 11 aliijua. Alipokuwa bado padri Achille Ratti, mwaka 1889, alipanda Monte Rosa, akapitisha usiku mzima karibu na kilele bila hema. Mwaka 1923 alimweka Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa wakaao na wapandao milimani.

Sisi hatuna skii, wala theluji mlangoni petu. Lakini njia zenye hatari tunazo: mito iliyofurika, mitumbwi iliyojazwa kupita kiasi, barabara za usiku. Yule aliye na ujasiri wa kusema «Leo tusivuke» asidharauliwe. Na yule msafiri abishaye hodi jioni, amelowa na kutetemeka, asikute kwetu mlango uliofungwa.