Ziwa Limeingia Gatumba: Dhamana ni ya Nani?

Mnamo Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika ukaifunika Gatumba, magharibi mwa Bujumbura. Mwaka 2021, na tena 2024, Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda likaingia majumbani, na jamaa nyingi zikahama na vyungu vichwani.

Ni kweli kwamba ziwa lilipata kupanda vivyo hivyo miaka ya 1960, nalo lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga huko Kongo. Lakini hewa iliyopata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua hushuka kwa kishindo. Joto hilo limetokana hasa na makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa katika nchi tajiri. Burundi ni miongoni mwa nchi zilizochangia kidogo kabisa. Mkataba wa mwaka 1992 ulikiri kwamba wajibu ni wa wote, ila haulingani. Hapo Burundi ni mdai.

Hata hivyo, gharika ya Februari 2014, iliyoua watu zaidi ya 60 Bujumbura, iliteremka kutoka vilima vya Mumirwa vilivyonyang'anywa miti. Miti hiyo, kwa sehemu, iliingia mjini ndani ya magunia ya makaa, ikapikia maharage.