Homa ya Ini E Haihesabiwi kwa Macho ya Njano

Oktoba 2007, wilayani Kitgum kaskazini mwa Uganda, watu walianza kuugua: homa, kichefuchefu, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kisha macho yakawa ya njano. Wengi walikuwa wakimbizi wa ndani. Vita vya kundi la Lord's Resistance Army vilikuwa vimewang'oa vijijini na kuwabana kambini, vibanda vikigusana, vyoo vichache, foleni ya maji haiishi. Hadi Juni 2009 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 10,000 na vifo 160. Ilikuwa homa ya ini aina ya E, na eneo hilo halikuwa na rekodi ya mlipuko wake hata mmoja kabla ya hapo.

Kwetu jina lenyewe linapotosha. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, huenezwa na mbu na una chanjo yake. Homa ya ini nayo ni jina la ukoo mzima. B na C hupita kwenye damu, na B pia kwa kujamiiana. E hutoka chooni ikaingia kinywani, mara nyingi kupitia maji. Aliyechanjwa dhidi ya B hana kinga dhidi ya E.

Wale 10,000 wa Kitgum ni walioonekana tu. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba watu milioni 20 huambukizwa virusi hivi kila mwaka, na kati yao milioni 3.3 tu ndio wanaoonyesha dalili. Kwa kila anayeugua, basi, wapo watano hivi walioambukizwa wasijue, watoto wengi wakiwemo. Kwa hiyo anayetaka kujua maambukizi yameenea kiasi gani haangalii macho, anapima damu. Mwili uliopambana na virusi hubaki na kingamwili: IgM hujitokeza mapema na kufifia baada ya miezi michache, IgG hukaa miaka. Mwenye IgG peke yake alipitiwa zamani, pengine bila kulala kitandani hata siku moja.

Hapo ndipo Misri inapotushangaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima wajawazito 2,428 wa vijijini katika Delta ya Nile, na asilimia 84 walikutwa na kingamwili za E. Waliowahi kuugua manjano walikuwa wachache mno. Maelezo yanayopewa uzito ni mawili: kwamba huko watu huambukizwa utotoni, umri ambao ugonjwa hupita kimyakimya, na kwamba aina ya virusi vya huko huenda ni pole zaidi. Kwa usomaji wangu, Kitgum ilikuwa kinyume chake: watu wazima wasio na kinga walikutana na virusi kwa mpigo. Asilimia kubwa ya kingamwili peke yake, basi, haikuambii ni wangapi watakaokufa.

Kitendanishi, yaani dawa ya kupimia damu, nacho hubadili jibu. Kusini-magharibi mwa Ufaransa, damu ya wachangiaji ilipopimwa kwa kitendanishi kimoja ilitoa takriban asilimia 17. Kwa kingine chenye unyeti mkubwa zaidi, asilimia 52. Ukisoma takwimu ya nchi yoyote, uliza kwanza walipima kwa kitendanishi gani.

Turudi Kitgum, kwa sababu pale ulipatikana ufahamu ambao kila nyumba inauhitaji. Wachunguzi walilinganisha wagonjwa na wasiougua, wakaona wagonjwa walikuwa na mazoea zaidi ya kunawa mikono katika beseni moja na wenzao na kuweka maji ya kunywa kwenye chombo chenye mdomo mpana, ambamo kikombe na vidole hutumbukia pamoja. Desturi ya kunawa kabla ya kula ni njema. Lakini beseni likizungushwa kwa watu wanne, wa nne ananawa uchafu wa watatu. Mgeni akimiminiwa kwa birika, kila mkono unapata maji yake. Na dumu lenye mdomo mwembamba halihitaji kuchotwa.

Ninachohofia zaidi ni wajawazito. Kwa watu wengine ugonjwa huu huua wachache, lakini katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito vifo vinaweza kufikia asilimia 20 hadi 25 ya wanaougua. Chanjo ipo: China iliiidhinisha mwaka 2011, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likashauri ifikiriwe penye mlipuko. Hata hivyo, ilisubiri hadi mwaka 2022 kutumika kwa mara ya kwanza kukabili mlipuko, katika kambi ya Bentiu, Sudan Kusini, mikononi mwa Médecins Sans Frontières na wizara ya afya ya nchi hiyo. Wajawazito nao walichanjwa.

Miaka saba ni mingi mno. Naamini kutohesabu kumechangia: ugonjwa usiopimwa hauingii kwenye bajeti, na usioingia kwenye bajeti hauagiziwi chanjo. Katika zahanati nyingi mgonjwa wa macho ya njano hupimwa malaria na B. Vyote visipoonekana, anaandikiwa "manjano" na kurudi nyumbani, na E haijatafutwa. Akiwa ni mama mwenye mimba ya miezi minane, sampuli yake ndiyo ya kwanza ninayotaka ipelekwe maabara ya rufaa, siku hiyohiyo.