Mikono mingi, kazi moja: waliogeuza «Les Misérables» kuwa nyimbo

Ndugu msomaji, kama ulifika sekondari, pengine mwalimu wa Kifaransa alikusomea kipande cha Les Misérables, kitabu cha Victor Hugo kilichotoka mwaka 1862. Unamkumbuka Jean Valjean? Aliiba mkate juu ya watoto wa dada yake waliokuwa na njaa. Walimfunga miaka 5, lakini kwa sababu alijaribu kutoroka mara na mara, alikaa ndani miaka 19.

Kitabu kile ni kinene kweli. Namna gani watu wamekigeuza kuwa mchezo wa kuimba wa saa tatu hivi? Jibu ni hili: mtu mmoja hangeweza. Ninyi vijana wa korali na wa teatro, sikilizeni vizuri.

Wa kwanza ni Alain Boublil, mzaliwa wa Tunis. Siku moja, ku London, alikuwa akitazama mchezo wa kuimba, Oliver!, uliotoka katika kitabu cha Charles Dickens. Alipoona mtoto mmoja mwizi wa barabarani, akamkumbuka Gavroche, mtoto wa barabara za Paris ndani ya kitabu cha Hugo. Akapeleka wazo lile kwa rafiki yake Claude-Michel Schönberg, mtunga muziki. Jean-Marc Natel, mtunga mashairi, akasaidia kwa maneno. Mwaka 1980 walitoa diski, na mwaka ule ule Robert Hossein akauongoza mchezo ku Palais des Sports, Paris. Ulichezwa miezi mitatu hivi, kisha ukasimama.

Basi, kazi ilikufa? Hapana. Cameron Mackintosh, Mwingereza mwenye kutafuta feza na kupanga michezo, alisikia ile diski ikamgusa. Akamwita Trevor Nunn, naye Nunn akamwita John Caird, wakaongoza wawili. John Napier akatengeneza jukwaa lenye kuzunguka. Maneno ya Kiingereza yalianzwa na James Fenton, mtunga mashairi, lakini kazi ilikwenda polepole, ikapewa Herbert Kretzmer, mwandishi wa gazeti aliyezaliwa Afrika ya Kusini. Lakini jina la Fenton halikufutwa, lilibaki kati ya waliochangia.

Sasa angalia jambo moja. Ku Paris, mchezo ulianzia kwenye kiwanda, wakati Valjean amekwisha kuwa tajiri. Wafaransa walijua mambo ya mbele tangu shule. Lakini Waingereza hawakuyajua. Kwa hiyo ku London waliongeza mwanzo mpya: gereza, na askofu mzee. Askofu huyu anamkaribisha Valjean ambaye milango yote imefungwa mbele yake. Usiku Valjean anaiba vyombo vyake vya feza. Polisi wanamrudisha, lakini askofu anasema ni yeye aliyempa, tena anamwongeza vinara viwili. Kumbe kwa sababu ya mgeni asiyejua hadithi, rehema ikawekwa mlangoni!

Wimbo mmoja ulikuwa na muziki bila maneno. Caird akasema unasikika sawasawa na maombi. Ndipo Kretzmer akaandika maneno: Valjean anaomba Mungu amwokoe kijana Marius kwenye vita ya barabarani.

Tarehe 8 Oktoba 1985 mchezo ulifunguliwa ku Barbican, London. Magazeti mengi yaliusema vibaya, lakini watu walisongamana kununua tikiti. Mpaka leo unachezwa, na umeimbwa katika lugha zaidi ya 20.

Ndugu zangu, katika Kutoka 31 Mungu alimwita Besaleli kwa kazi ya hema, lakini hakumwacha peke yake: alimpa Oholiabu. Ni mara ngapi mchezo wetu wa Noeli umevunjika juu ya nani ametunga wimbo, ao nani atasimama mbele? Yule aliyeanza wimbo na yule aliyeumaliza, wote wawili wanastahili kutajwa.

Tena kuna neno zito zaidi. Ndani ya kampi zetu kuna vijana walioshikwa na gunia la mawe ao na kamba za shaba. Wametoka gereza, wanakuja kanisani siku ya Mungu, wanakaa nyuma. Sisemi wizi ni kitu kidogo. Valjean aliiba kweli, na askofu alimwomba awe mtu mpya. Lakini kwanza alimfungulia mlango. Ni rahisi kumlilia Valjean aliye mbali kule Bulaya. Huyu wa nyuma, nani atakwenda kukaa karibu naye?

Kwa kuzungumza nyumbani: Someni Kutoka 31:1-6. Nani ndani ya korali yetu anafanya kazi bila kutajwa? Na nani amekaa nyuma bila mtu wa kumsalimia?