Sikio la Binadamu na Vipimo 44,100

Sahani za CD zilipoanza kuuzwa nchini Japani mwaka 1982, sauti iliyohifadhiwa ndani yake haikuwa tena mfuo uliochongwa kama wa santuri, bali mfululizo wa tarakimu. Katika kila sekunde moja wimbi la sauti hupimwa mara 44,100. Je, baina ya kipimo na kipimo hakuna kinachopotea?

Jibu latokana kwanza na sikio. Kijana mwenye masikio mazima husikia mitetemo ya kuanzia 20 hadi kiasi cha 20,000 kwa sekunde. Katika sikio la ndani umo mfereji uliojipinda mfano wa konokono, wenye seli za vinyweleo. Zile zilizo karibu na mlango wake hupokea sauti nyembamba kabisa, nazo ndizo zinazotangulia kufa kwa uzee au kwa makelele. Zikifa hazioti tena. Ndiyo maana mlio wa mitetemo 15,000 waweza kusikiwa na darasa zima, mwalimu asiusikie.

Mwaka 1949 Claude Shannon wa Marekani alionyesha kwamba wimbi lisilo na mitetemo ipitayo kikomo fulani laweza kurudishwa lote, iwapo litapimwa zaidi ya mara mbili ya kikomo hicho. Wengi hudhani kuwa sauti hiyo hutoka na ngazi-ngazi. Sivyo: chini ya kikomo hicho liko wimbi moja tu liwezalo kupita katika nukta zote zile. Mitetemo ya juu zaidi lazima ichujwe mapema. Isipochujwa, mtetemo wa 30,000 utajitokeza kama wa 14,100, mgeni asiyealikwa.

Mara mbili ya 20,000 ni 40,000, na ziada ni nafasi ya chujio. Lakini ile 100 ya mwisho haikutoka sikioni. Tarakimu za awali zilirekodiwa katika kanda za video: vipimo 3 kwa kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Mwanafunzi na azidishe mwenyewe.

Siku hizi huuzwa rekodi za vipimo 96,000, hata 192,000, kwa bei ya juu. Mwaka 2007 Meyer na Moran wa Marekani walichapisha majaribio 554 ya kuzitofautisha rekodi bora na zilizopitishwa katika kipimo cha CD. Wasikilizaji walipatia mara 276, kama warushao sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alijumlisha majaribio 18 ya watafiti mbalimbali akapata asilimia 52.3: tofauti ipo, ila ni nyembamba mno kulipiwa na mtu asiye fundi wa studio.