Polisi Naye ni Mfanyakazi

Polisi tunamjua kwa rungu lake. Leo tumtazame kama mtu wa zamu, kama sisi.

Huko Marekani, Charles Ramsey alijiunga na polisi wa Chicago mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 18. Alipanda cheo hadi kuwa mkuu wa polisi wa Washington mwaka 1998, kisha wa Philadelphia mwaka 2008. Desemba 2014, baada ya polisi kuua raia na watu kuandamana, Rais Obama aliunda kamati ya kutazama kazi ya polisi. Ramsey na Laurie Robinson wakaiongoza.

Ripoti yao ya Mei 2015 ilisimama juu ya nguzo sita. Ya sita ni afya na usalama wa askari: saa za zamu zilizopimwa kitaalamu, fulana za kuzuia risasi, vifaa vya huduma ya kwanza, na msaada kwa aliyeelemewa na mawazo. Sababu walieleza: askari mgonjwa wa mwili au wa akili ni hatari kwa wenzake na kwa raia.

Je, mwendesha mashine anayeunganisha zamu mbili? Lakini tukumbuke, yale yalikuwa mapendekezo, si sheria. Kwetu sisi, saa za zamu ziandikwe ndani ya mkataba.